Kilo 100 za manyoya, kilo 32 za unga: nyingine zimekwenda wapi?

Wiki iliyopita mchinjaji mmoja wa kuku kutoka soko la Kilombero hapa Arusha alituita wezi mbele ya wateja wengine. Alileta kilo 100 za manyoya ya kuku tumpikie na kumsagia yawe unga wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku, kesho yake akakabidhiwa kilo 32 za unga. Si wa kwanza kulalamika hivyo, na neno lenyewe limetuuma, kwa hiyo tunalijibu hapa.

Manyoya yaliyotoka kwenye maji ya moto ya kunyonyolea yamelowa. Katika kilo 100, kama 70 ni maji, na maji hayo hatubaki nayo, yanapanda hewani kwa kuni zetu. Yaminye, yatandaze kwenye turubai saa mbili tatu kabla ya kuleta. Utapata unga uleule kwa malipo madogo, maana tunatoza kwa kilo inayoingia.

Halafu bei. Tunaambiwa kila siku, "Takataka hizi mnazipika kwa bei ya dhahabu?" Unyoya ni keratini, jamii moja na kucha, na protini yake imefungwa kwa vifungo vya salfa ambavyo tumbo la kuku haliviwezi. Kwenye mtungi wa presha tunapandisha mvuke hadi nyuzi 140 hivi na kuushikilia nusu saa na zaidi, mzigo ukikorogwa muda wote, ndipo vifungo vinakatika. Baada ya hapo kuna kukausha, kusaga na kuchekecha. Geji ikishuka saa nane usiku, kuna kijana anaamka kuongeza kuni. Huyo naye analipwa.

Wengi wanaokimbia bei hiyo wanakimbilia pipa. Mama mmoja wa Tengeru, mwenye kuku wa mayai 300, alichemsha manyoya kwenye pipa la wazi kutwa nzima, akaanika, akasaga, akaondoa dagaa wote kwenye mchanganyiko wake. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Tengeru ni chini kidogo, lakini hata huko uchochee kuni mpaka jioni, hayavuki mia. Alipeleka sampuli maabara, jibu likaja protini zaidi ya asilimia 80, akafurahi. Kumbe kipimo kile kinahesabu naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, basi. Hata unyoya mbichi ungepata jibu hilohilo. Cha kuomba ni kipimo cha umeng'enywaji kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kinachoonyesha protini kiasi gani inasagika tumboni.

Wiki ya tatu trei za mayai zilipungua karibu nusu, na kuku wakaanza kudonoana mpaka damu. Alipotupigia simu tulimwambia, mama, rudisha dagaa kwanza, mengine tutaongea. Mayai yalirudi polepole. Kuni, maabara na trei alizokosa vilimgharimu kuliko ambavyo tungemtoza kwa miezi kadhaa.

Na hata unga wetu, pamoja na kuupika vizuri, hauchukui nafasi yote ya dagaa wala soya. Una upungufu wa laisini, methionini na histidini, yaani baadhi ya vijenzi vya protini ambavyo kuku lazima avipate kwenye chakula. Tunashauri kilo 2 hadi 3 katika kila kilo 100 za chakula. Kuna mfugaji alitaka kuweka 15, tukakataa kumuuzia kiasi hicho, akaondoka amenuna. Afadhali anune kuliko kuku wake wadumae.

Kuzidisha moto nako ni hasara. Mwaka jana tuliunguza mzigo mmoja, ukatoka mweusi, unanuka kama nywele zilizoungua. Tungeweza kuuchanganya na mzuri na asingejua mtu. Tulimlipa mwenye manyoya, na unga ule ukaenda kwenye migomba ya mkulima wa Machame kama mbolea, kwa sababu naitrojeni bado ipo na inatoka taratibu udongoni.

Tunapokea manyoya ya siku hiyohiyo, yasiyochanganywa na vichwa, utumbo wala mifuko ya plastiki. Tukikuta kisu tena ndani ya gunia, kama kile kilichotuchania chekeche la mashine, mwenye gunia atalipa.

Mizani iko mlangoni, pima mwenyewe ukiingia na ukitoka. Yule kaka wa Kilombero tumemwomba aje Jumamosi na kilo 10 alizozikausha mwenyewe, tuzipike akiwa amesimama pale.