Ukarabati Mji Mkongwe: ukuta ufunguliwe kabla mkataba haujasainiwa

Mhariri,

Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu 2 wakafariki. Jengo hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lilihimili hata mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Ajali ile ina wataalamu wake. Mimi naomba nizungumzie nyumba za kawaida za Mji Mkongwe, ambazo ndizo kazi yangu.

Tunazikarabati kwa utaratibu wa jengo jipya. Jengo jipya lina mchoro na kila tofali lina bei, lakini nyumba ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko huijui mpaka plasta ibanduliwe. Sisi mkadiriaji anapita, anapima vyumba, zabuni inatangazwa, mkataba unasainiwa, ndipo ukuta unafunguliwa. Boriti iliyoonekana nzima na rangi yake, kichwa chake kilichoingia ukutani kimeshakuwa unga. Ukichoma bisibisi inazama hadi mpini. Maji ya choo cha juu au mlizamu wa maji ya paa ulioziba yamekuwa yakishuka humo miaka na miaka, na boriti za jirani nazo ni hivyo hivyo.

Fedha ya kuzibadilisha haimo mkatabani. Mkandarasi ama aombe nyongeza, barua izunguke ofisi kwa ofisi huku sakafu imeegemezwa kwa magogo, ama apige plasta ya saruji juu yake aondoke zake. Nimeyaona yote mawili, na hili la pili ndilo linaloua nyumba. Saruji inafungia unyevu ndani, chumvi inajaa, jiwe linalika, na mwenye nyumba hana habari mpaka ukuta utoe tumbo. Chokaa nayo haitaki haraka. Inakomaa polepole kwa kuvuta hewa, tabaka baada ya tabaka, na ratiba zetu haziipi muda huo. Mwashi hodari wa chokaa anaishia kuitwa mvivu.

Naiomba Mamlaka ya Mji Mkongwe, Kamisheni ya Wakfu na wamiliki binafsi: mikataba iwe miwili. Wa kwanza mdogo, wa kubandua plasta penye shaka, kukagua vichwa vya boriti, kufuata maji yanakotoka na kuegemeza palipo dhaifu. Wa pili usainiwe baada ya ripoti hiyo, na uwe na fungu la dharura ambalo msimamizi aliyepo kazini anaweza kuliidhinisha siku hiyo hiyo.

Na wapangaji watafutiwe pa kukaa kwanza. Haiwezekani familia iwe inapika ghorofa ya pili na mafundi wanachomoa boriti chini yake.

Nyumba za wakfu zenye familia nyingi zianze, na ukaguzi ufanyike kabla ya masika.

Msimamizi wa ujenzi,
Mji Mkongwe, Unguja