Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya fukwe: uanzie barabarani

Mheshimiwa Waziri,

Kanuni za fukwe huhangaika na mchanga: nani auze, nani aogelee, gari lifike wapi. Tunakuomba uanzie barabarani, maana huko ndiko umma unakopokonywa haki yake. Jirani mmoja hupanda ua nusu mita ndani ya njia ya kwenda ufukweni, wa pili husogeza baraza lake, na njia ya mita sita inabaki ya kupita kwa ubavu. Au njia haiguswi kabisa, ila vibao vya kukataza kuegesha vinasimikwa pande zote mbili za barabara. Mwenye mzee, mtoto au mashine ya boti atafanyaje?

Kila njia ipimwe, iwekewe bikoni (alama za mpaka) juu na chini, ipewe namba yake na isajiliwe kwa jina la chombo cha umma. Sharti lililoandikwa ndani ya kibali cha ujenzi halitoshi. California, chini ya sheria yake ya pwani ya 1976, wamiliki wengi waliahidi kutoa njia ili waruhusiwe kujenga, lakini ahadi nyingi ziliwekewa ukomo wa miaka 21. Ambayo haikupata taasisi ya kuipokea na kuitunza ndani ya muda huo ilikufa. Kwa hiyo njia ikabidhiwe kabla jengo halijaanza kutumika.

Kuna na suala la mpaka wa haki ya umma ufukweni. Ukiishia kwenye alama ya maji kujaa, wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, umma hauna hata pa kukanyaga. Texas, kwa sheria ya 1959, ilitambua haki ya umma hadi mstari wa majani, yaani mimea inapoanzia, pale watu walipoipata kwa matumizi ya muda mrefu. Hata hivyo, mwaka 2012 mahakama yake ya juu iliamua kwamba haki hiyo haihami yenyewe dhoruba inapoukata ufukwe kwa mkupuo. Kanuni yako iseme wazi: haki inahama pamoja na ufukwe, uwe umelika kidogo kidogo au kwa usiku mmoja. Vilevile, palipo na mmomonyoko, ukuta wa kuzuia bahari huishikilia ardhi ya nyuma huku maji yakizidi kusogea, mpaka mchanga wa katikati unakwisha. Anayeomba kujenga ukuta atoe kwanza njia ya kupita juu yake au nyuma yake.

Kwenye magari tunajua wengi hawatakubaliana nasi. Kupiga marufuku kila gari ni rahisi kuandika, ila humfungia nje mlemavu na mvuvi mwenye zana nzito. Kuachia kila gari ni kubaya zaidi. Magurudumu yakipanda matuta ya mchanga huua majani yanayoushika mchanga, upepo ukatoboa mwanya, na mawimbi ya dhoruba yakaingilia hapo hapo. Mwani uliotupwa na maji nao ni chakula cha wadudu wanaolisha ndege, kwa hiyo si barabara. Gari lipite kwenye mchanga mbichi ulio chini ya mstari huo wa mwani, saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kupwa kabisa. Hata huko kaa na chaza waliojifukia hupondwa, ndiyo maana idadi ya magari iwe na kikomo. Miteremko ya kuingilia iwe michache, ya mbao zilizofungwa kwa minyororo, na ikate tuta kwa mshazari ili isiwe mkondo wa upepo.

Dereva apunguze upepo wa matairi hadi pauni 20 hivi kwa inchi ya mraba. Tairi hulala na kukanyaga eneo kubwa. Tairi gumu huchimba, tumbo la gari hukaa mchangani, na maji yanaanza kujaa. Wekeni pampu pale pale mteremkoni. Bila pampu madereva hukataa kutoa upepo, au hurudi lami na matairi laini yanayochemka. Cape Hatteras, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, ambako kibali cha kuendesha gari ufukweni kinatakiwa tangu 2012, gari lazima libebe koleo, jeki, ubao wa kuwekea jeki na kipimo cha upepo. Hayo yanafaa kuigwa.

Kasa wakitaga, magari yasimame usiku, na katazo liendelee takriban miezi miwili baada ya kiota cha mwisho, muda ambao mayai huchukua kuanguliwa. Alama za magurudumu mbele ya viota zisawazishwe kwa reki kila jioni, kwani kitoto cha kasa kikitumbukia humo hufuata mfereji badala ya kwenda baharini. Kila kufunga kuandikwe tarehe ya kufungua kibaoni. Tumeona mno "kwa muda" isiyokwisha.

Kabla rasimu haijasainiwa, chapisha daftari la njia zote za kwenda ufukweni: upana, picha, bikoni, na geti lipi lina kufuli na ufunguo wake anao nani. Waokoaji wapewe nakala ya kila ufunguo.

Wako,
Sisi watumiaji wa fukwe