Tarehe ya mtihani kwanza, ari baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wa makala mliyoichapa wiki iliyopita, ile iliyowataka wanaosomea shahada nyumbani, bila darasa wala mhadhiri, wajenge nidhamu, waamke alfajiri na wasikate tamaa. Inanihusu moja kwa moja. Mimi ni karani wa masjala na mama wa watoto wawili, na ninasomea shahada ya sheria kwa njia hiyo hiyo: muhtasari ninao, vitabu ninavyo, mwalimu sina, na msimu wa mitihani ukifika naingia ukumbini na kukaa kati ya watu nisiowajua. Ushauri wa mwandishi ni mwema. Ila unamchukulia kila anayekwama kuwa mvivu, na hapo ndipo tunapoachana.

Wote ninaowafahamu walioishia njiani ni wachapakazi. Mmoja ni muuguzi wa zamu za usiku, mwingine ni fundi umeme anayewalea wadogo zake. Mtu anayerudi nyumbani usiku, akahakikisha watoto wamelala, kisha akafungua kitabu cha sheria ya ardhi wakati mwili wote unadai kitanda, huyo utamfundisha nini kuhusu nidhamu? Kilichowaangusha ni kwamba hakuna aliyekuwa akiwaona. Mwanafunzi wa chuoni akipotea wiki moja, wa benchi moja atamuuliza alikuwa wapi, na mhadhiri atamkumbusha kazi aliyotakiwa kuikusanya. Mimi nikiacha kusoma mwezi mzima hakuna linalotokea. Simu haipigwi, barua haiji, na hata nyumbani wanafurahi kidogo kwa sababu nimeonekana sebuleni.

Ndiyo maana nasema ari haitafutwi moyoni. Hutengenezwa nje, kwa vitu vinavyoshikika, na cha kwanza ni tarehe.

Kazi yangu ya masjala inanipa ushahidi wa kila siku. Faili lenye tarehe ya kurudishwa kwa mkubwa hutembea lenyewe; kila mtu analiuliza, kila mtu analisukuma. Faili lisilo na tarehe hukaa rafuni mpaka karatasi zigeuke rangi, hata kama lina jambo zito kuliko lile la kwanza. Somo nalo ni vivyo hivyo. Wengi husema, "Nitajiandikisha nikiwa tayari." Utayari huo hauji, kwa sababu muhtasari wa sheria hauna mwisho na daima kuna sura moja zaidi. Mimi dirisha la kujiandikisha likifunguliwa najiandikisha, nalipa, halafu ndipo nakaa kupanga nitasoma nini. Ada ikishalipwa na namba ya mtahiniwa ikishatoka, swali la kama najisikia kusoma leo linakosa maana. Naliona hata mwilini: kabla ya kujiandikisha nasoma kurasa tatu na kusinzia, nikishajiandikisha kurasa zile zile zinanikalisha macho.

Najua kuna atakayesema hiyo ni kujitia presha. Ni kweli, ni presha. Wa chuoni anapewa na mfumo mzima, kwa ratiba, kengele na majaribio ya kila mwezi. Sisi tusipojipa wenyewe hakuna wa kutupa.

Mwandishi wenu aligusia pia kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Hilo linasemwa sana, na linaumiza watu. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia ndogo ndogo za kila siku, na wastani wa muda hadi tabia iwe ya kujiendea yenyewe ulikuwa siku 66. Lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Mtu aliyeahidiwa 21 akifika ya 30 bado anajisukuma kwa nguvu, atadhani ana kasoro. Utafiti huo huo uligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Hilo ndilo ningependa muuguzi wangu alisikie, maana aliacha masomo baada ya wiki mbili za mtoto kuugua, akiamini kwamba ameshavunja mwendo na hawezi tena kuurudia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makala haikuligusa kabisa. Ari inakufa haraka zaidi mtu asipoona anasonga, na njia tunayosomea wengi wetu inatudanganya kuhusu kusonga. Tunasoma sura, tunapiga mstari, tunasoma tena, na mara ya tatu kila sentensi tunaifahamu usoni. Tunajiona tumeiva. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, walilipima hilo mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara mbili. Jingine lilisoma mara moja, likafunga, likaandika lilichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Mwenye kujiona ameiva ndiye aliyekuwa amesahau zaidi. Na kabla yao, mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alikuwa ameshaonyesha, kwa kujipima yeye mwenyewe, jinsi kilichokaririwa kinavyoporomoka ndani ya siku ya kwanza tu.

Nitoe mfano kutoka mezani kwangu. Katika sheria ya mikataba kuna kesi ambayo kila anayesomea sheria ya Kiingereza huanza nayo, ya Bi. Carlill na kampuni ya Carbolic Smoke Ball. Kampuni ilitangaza magazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayekitumia kifaa chake cha kuvuta moshi wa dawa kama ilivyoelekezwa kisha akaugua homa ya mafua. Bi. Carlill alikitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema tangazo lile lilikuwa mbwembwe za biashara tu. Mahakama ya Rufaa ikampa mama ushindi. Hadithi hiyo naweza kumsimulia mtoto, na nimeshamsimulia; alicheka sana kusikia kampuni imeshtakiwa na mafua. Lakini nilipofunga kitabu, nikageuza karatasi iliyotumika upande mmoja, nikawasha saa ya simu na kuandika jibu la swali la mtihani wa mwaka wa nyuma, niliandika kisa chote vizuri na kuiacha hoja yenyewe nje: kwamba kampuni ilisema katika tangazo lile lile kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuthibitisha kuwa haitanii. Majaji waliishika pauni elfu ile kama dalili ya nia ya kweli ya kufungwa na ahadi. Bila hiyo, nilikuwa nimeandika ngano.

Karatasi ile ilinipa ari kuliko hotuba yoyote. Kabla yake sikujua nimebakiza nini. Baada yake nilikuwa na kitu kimoja chenye jina cha kufanyia kazi kesho yake. Tangu hapo nasoma kwa mtindo huo: swali la nyuma kwanza, kitabu baadaye, na karatasi nazihifadhi kwenye faili kwa tarehe (ukarani hauniachi). Nikichoka nachukua jibu la miezi mitatu nyuma nalisoma. Aibu ninayoipata kwa kuliona lilivyokuwa baya ndiyo inayonionyesha nimetembea.

Kuna fimbo moja inayotumika kutuchapa, na nina hakika mwandishi aliitumia kwa nia njema: Mandela alisoma gerezani, wewe una taa na kiti, unashindwa nini? Wanaoisema hawaangalii miaka. Mandela alianza kusomea sheria chuo kikuu miaka ya 1940 akaondoka bila shahada. Akiwa mfungwa aliendelea kwa masafa na Chuo Kikuu cha London. Kule Robben Island, kisiwa cha gereza, aliwahi kunyang'anywa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Shahada hiyo aliipata mwaka 1989, kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa bado kifungoni. Huyo ndiye mfano wa mtu asiyekatika? Kwangu mimi ni mfano wa mtu aliyekatika mara nyingi, tena kwa nguvu za wengine, akaunga tena. Ukinisimulia hivyo nafarijika. Ukinitupia kama fimbo, nalala.

Na wafungwa wale hawakuwa wakisoma kila mmoja na lake. Walifundishana machimboni, aliyejua historia akitoa historia, wenyewe wakikiita kisiwa kile Chuo Kikuu. Nakiri kuna mmoja anayeisumbua hoja yangu: Robert Sobukwe, kiongozi mwingine aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Yeye alitengwa katika nyumba peke yake kisiwani humo, akikatazwa kuongea na wafungwa wengine, na bado alipata shahada ya uchumi ya Chuo Kikuu cha London. Mtu wa aina hiyo yupo. Sidhani kama ni haki kuandaa ushauri wa umma kwa kipimo chake.

Njia hii tunayoifuata ni kongwe kuliko wanaoidharau. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiohudhuria chuo chochote mwaka 1858, na mwaka 1878 kikawakubali wanawake kwenye shahada. Lakini angalia walichofanya Waingereza walipoanzisha Chuo Kikuu Huria, kilichopata hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971. Vipindi vya redio na televisheni ndivyo vilivyopata sifa, ila nyuma yake kila mwanafunzi alipewa mkufunzi wa kuzisahihisha insha zake na kumrudishia na maoni, kisha wakati wa likizo ya kiangazi kukawa na kozi za kukutana ana kwa ana. Waanzilishi walijua kwamba mtu akipewa kitabu na redio tu, wengi hawatafika.

Sisi wengine mkufunzi wa kusahihisha hatuna, kwa hiyo tunatafuta njia ya panya. Mimi na yule fundi umeme, kabla hajaacha, tulikuwa tukibadilishana majibu kila Jumapili. Yeye alikuwa akisomea uhandisi, sheria haijui hata kidogo, lakini aliweza kuniambia, "Dada, aya ya pili sijaielewa," na mara zote aya hiyo ndiyo niliyokuwa nimeiandika nikiwa na wasiwasi nayo. Tangu alipoacha nimemgeukia wifi yangu. Huyu ndiye aliyekuwa akiniuliza kila tukikutana, "Hivi bado tu unasoma?" na kuiita shahada yangu "shahada ya posta". Nikampa karatasi nikamwambia anisomee kwa sauti. Siku hizi swali lake limebadilika: "Wiki hii mbona hujaleta?" Hajui kwamba hilo swali ndilo linalonikalisha mezani Jumamosi usiku.

Vyuo vingine huchapisha ripoti za watahini baada ya kila mitihani, zinazoeleza waliofeli walikosea wapi. Nashangaa jinsi watahiniwa wachache wanavyozisoma. Nilipoanza kuzisoma niliona lawama inayojirudia mwaka hadi mwaka: mtahiniwa amemwaga yote anayoyajua kuhusu mada, swali hakulijibu. Hilo mtu anayesoma peke yake hawezi kuligundua peke yake, kwa sababu kwa macho yake ukurasa uliojaa ni ukurasa mzuri.

Basi, Mhariri, ombi langu. Makala za kututia moyo zinatosha kwa sasa. Tafuteni mhadhiri mstaafu au msahihishaji mmoja mwenye subira, mpeni nusu ukurasa mara moja kwa mwezi, na sisi tunaosoma majumbani tulete majibu yetu bila majina, ayakosoe mbele ya wasomaji wote: hapa umejibu, hapa umehadithia, hapa kesi uliyoitaja haihusiki. Zamu moja sheria, nyingine uhasibu, nyingine takwimu. Na tarehe za mwisho za kujiandikisha kwa mitihani zichapwe mapema, kwenye ukurasa wa mbele mkiweza, maana kuna watu wanaopoteza mwaka mzima kwa kuzisikia zimeshapita.

Mkikubali, wa kwanza niwe mimi. Jibu langu la Bi. Carlill lile la kwanza, lisilo na pauni elfu benki, bado ninalo kwenye faili. Nitalileta lilivyo, na msahihishaji asinionee huruma.

Karani wa masjala
(Jina na anwani yangu anavyo mhariri)