Tusiache matone kwa kungoja tiba ya jeni

Ndugu Mhariri,

Tangu habari za tiba ya jeni kwa presha ya macho (glakoma), ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, zianze kuzunguka kwenye simu zetu, nasikia hapa Tororo, Uganda, maneno yanayonitia hofu. Wapo wagonjwa walioacha kabisa matone yao ya kupunguza presha ndani ya jicho, wakisema dawa ya kurudisha macho imeshapatikana Ulaya, wacha tuingoje. Shangazi yangu ni mmoja wao. Naomba nafasi nieleze kwa nini kungoja huko ni hatari.

Habari yenyewe ina ukweli. Julai 2021, watafiti wakiongozwa na Bo Chen wa chuo cha tiba cha Mount Sinai, New York, walichapisha katika jarida la Cell utafiti kuhusu kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ndani ya seli) kiitwacho CaMKII, ambacho kazi yake huvurugika seli za neva za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, zinapoumia. Walichukua virusi vya AAV, ambavyo havileti ugonjwa, wakavibebesha jeni ya kukiamsha kimeng'enya hicho, wakavidunga ndani ya macho ya panya. Seli nyingi ambazo zingekufa zikabaki hai, na panya wakaendelea kuona. Ni kazi kubwa, na naiombea ifike kwa binadamu.

Lakini tutazame ilichofanya: imelinda seli zilizokuwa bado hai. Neva inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo ina nyuzi kama milioni moja, na kila uzi ni wa seli yake. Kwa binadamu, seli hiyo ikifa haioti nyingine. Anayeacha matone leo ili angoje tiba ya jeni anapoteza kile kile ambacho tiba hiyo inakuja kukilinda.

Na aina ya ugonjwa huu iliyoenea zaidi kwetu haiumi. Hula uoni wa pembeni kwanza. Shangazi alipoanza kugonga bega kwenye mlango, na kuangusha kikombe cha chai kilichowekwa ubavuni mwake, sote tulisema ni uzee. Msahafu alikuwa akiusoma vizuri tu, ndiyo maana hatukushtuka. Alipopimwa, sehemu kubwa ya neva ilikuwa imeshakwenda.

Wengine hunitajia Luxturna, tiba ya jeni ya macho iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017. Hiyo ni ya ugonjwa mwingine kabisa, wa kurithi, unaotokana na hitilafu katika jeni ya RPE65. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Hapa mtaani hata ukoo mzima ukichanga hautaifikia.

Tulicho nacho sasa ni matone, na upasuaji wa kupunguza presha kwa wanaouhitaji. Matone ya timolol na ya latanoprost yote yamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). (Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa timolol, maana inaweza kumbana kifua.) Hata hivyo mara nyingi mgonjwa wetu huandikiwa dawa kisha akaambiwa akainunue nje. Akikosa pesa mwezi huu, anakaa bila dawa, na kwa kuwa hasikii maumivu anadhani amepona.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe timolol haikosekani kwenye vituo vya afya vya daraja la nne, na kila aliyefika miaka 40 apimwe presha ya macho huko huko. Neva nayo itazamwe, kwa sababu wapo ambao presha yao ni ya kawaida na bado neva inaharibika. Ndugu wa damu na watoto wa mgonjwa waitwe mapema zaidi, maana hatari yao ni kubwa.

Majaribio ya tiba hii kwa binadamu yatakapofunguliwa, wataalamu wetu wa hospitali za Mulago na Ruharo kule Mbarara wadai Waganda washirikishwe. Ugonjwa huu huwashika watu weusi mapema na kwa ukali zaidi. Haifai dawa yake ijaribiwe kwa watu wengine tu, kisha sisi tuletewe mwishoni.

Msomaji wako,
Tororo