Kwa Mama Rukia, kuhusu hesabu ya mafao yako

Ujiji, Kigoma
8 Februari 2026

Mpendwa Mama Rukia,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, na mawese uliyoagiza nitampa mtu wa kwanza atakayepanda treni kuja Tabora.

Hesabu uliyoniandikia imeninyima usingizi. Umepiga ukapata mkupuo, yaani zile fedha za mara moja za kustaafu, wa milioni 84 na ushee, na fundi ameshaambiwa aanze nyumba ya wapangaji pale Urambo. Nakuomba umsimamishe kwanza. Kanuni aliyokupa yule mwalimu mstaafu ni ya siku za PSPF, mfuko wetu wa pensheni wa zamani: moja ya 540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa kazi, nusu ya pensheni inachukuliwa mkupuo, kisha inazidishwa kwa 15.5. Yeye alistaafu nayo, akapata haki yake. Tangu Julai 2022 ni moja ya 580 na kizidisho ni 12.5. Mkupuo ulishushwa hadi asilimia 33, na mwaka 2024 ukapandishwa kuwa 40 kwa sisi tuliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa asilimia 50.

Tena umejumlisha posho ya madaraka, zile laki mbili, juu ya mshahara wako wa 1,160,000. Ile haiingii, dada yangu. Kinachohesabiwa ni mshahara wa msingi peke yake. Tazama makato ya PSSSF, mfuko wetu wa sasa, kwenye hati yako ya mshahara: ni 58,000, asilimia 5 ya msingi, na mwajiri anaongeza asilimia 15, yaani 174,000. Kama posho ingehesabiwa ungekatwa 68,000. Fedha za kusimamia mitihani nazo ni vivyo hivyo. Inaniuma, maana ualimu mkuu ndio uliokuzeesha, na uzeeni hautakulipa hata senti.

Huo msingi wenyewe nao hauchukuliwi wa mwezi wa mwisho. Wanatafuta wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mkubwa kuliko yote ndani ya miaka kumi ya mwisho. Ndiyo maana kule kusimamishwa kwa upandishaji wa madaraja mwaka 2016 kumetuumiza hadi leo: mtu anayepandishwa mwaka mmoja kabla ya kustaafu, miaka miwili kati ya hiyo mitatu ni ya mshahara wa zamani. Lako ulilipanda mapema, kwa hiyo tuchukue wastani wa 1,160,000.

Kwa mwaka ni 13,920,000. Gawa kwa 580, unapata 24,000. Zidisha kwa miezi yako 360 ya kazi, inakuwa pensheni ya 8,640,000 kwa mwaka. Asilimia 40 yake mara 12.5 ni mkupuo wa 43,200,000. Asilimia 60 inayobaki, ukiigawa kwa 12, ni 432,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya zamani na msingi huohuo ungepata kama 387,000 kwa mwezi, kwa hiyo upande huo umeongezeka. Lakini nyumba haijengwi kwa pensheni ya mwezi, najua.

Sasa angalia hiyo 24,000, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie haraka. Kila mwezi mmoja unaotambuliwa unakupa 120,000 kwenye mkupuo na 1,200 kwenye pensheni ya kila mwezi, maisha yako yote. Wewe uliajiriwa Julai 1996. Michango ya PSPF ilianza Julai 1999. Ile miezi 36 ya mwanzo hutaiona kwenye taarifa ya michango, kwa kuwa hatukuwa tukikatwa. Inatambuliwa kwa karatasi. Barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa daraja. Zikikosekana, uko hatarini kupoteza 4,320,000 za mkupuo na 43,200 za kila mwezi.

Najua masanduku yako yalihamishwa kutoka Kaliua wakati wa mvua. Yafungue wiki hii. Barua isiyoonekana, iombe nakala yake kwenye jalada lako halmashauri, na uende mwenyewe, usimtume mtu. Kisha fungua PSSSF Kiganjani, ile programu ya mfuko kwenye simu, Rukia akusaidie, mpitie mwezi kwa mwezi kuanzia Julai 1999, hasa miezi ile uliyohama shule. Ukikuta pengo, peleka hati ya mshahara ya mwezi huo sasa, ukiwa bado kazini.

Niandikie umepata barua zipi.

Wako,
Mama Hamisi