Faida ya SGR siyo ya waheshimiwa peke yao

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu SGR, hii treni ya umeme ya mwendokasi ya Dar mpaka Dodoma, imenikera. Eti faida ya SGR wanaipata waheshimiwa na watu wa semina wanaowahi vikao Dar, mwananchi wa kawaida basi linamtosha. Hivi mwandishi wenu ameshawahi kupanda basi la Dodoma Dar akiwa na mgonjwa?

Mi nina mama yangu mzee, ana sukari na magoti yanamsumbua, kliniki yake iko Dar. Kabla ya treni tulikuwa tunapanda basi stendi ya Nanenane hapa Dodoma alfajiri, masaa nane, tisa, mkikuta lori limelala barabarani ndo mnaingia usiku, na basi lenyewe halina choo. Kwa hiyo mama kuanzia jana yake hanywi maji, mtu wa sukari huyo, anaogopa asije akaomba gari isimame achimbe dawa. Kuna siku ikamshinda, tumeshaipita Gairo, nikamwomba konda akasema vumilieni mpaka Dumila, nikaenda mwenyewe kwa dereva huku abiria wengine wanaguna kwamba tunawachelewesha, gari ikaja kusimama sehemu hamna hata kichaka cha maana, nikamshusha mama yangu mzazi, bibi mwenye wajukuu wakubwa, nikamzungushia khanga nimegeuza uso pembeni, na konda anagonga bodi twendeni twendeni. Mama hakuongea na mtu mpaka stendi ya Msamvu, Morogoro. Yaani nikikumbuka mpaka leo roho inaniuma, halafu mtu anaandika gazetini eti basi linatosha!

Kwenye treni choo kiko humo humo ndani, anaenda mwenyewe taratibu ameshikilia viti, maji anakunywa, dawa anameza kwa wakati, masaa manne hivi yuko Dar na miguu haijavimba. Basi hata liwe jipya vipi halitakiwi kuzidi 80 na kila kijiji kuna kibao cha 50, treni inakata 160 kwenye njia yake yenyewe, hamna lori mbele, hamna dereva wa kuovateki kilimani. Sisi tunaotumia barabara ile karibu kila mtu ana ndugu au jirani aliyemzika kwa ajali. Hilo nalo mngeliandika.

Halafu nauli. Safari za Dodoma zilipoanza Julai 2024 daraja la kawaida ilikuwa 31,000, sasa hiyo ni bei ya mheshimiwa? Nendeni stesheni Ijumaa jioni mkaone wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na kina mama wenye ndoo za zabibu. Na watu wa Gulwe, Kidete na Kilosa mmewauliza? Reli ya zamani ya Mjerumani masika yakichanganya huko maji yanasomba tuta, safari zinafutwa, watu wanakwama. Kweli hii mpya nayo umeme umeshawahi kuisimamisha njiani, hilo liandikwe na lirekebishwe, lakini msimfutie abiria faida yake yote.

Kama mnatafuta cha kulalamikia nawapa, kiko nje ya geti. Tumerudi na mama usiku, tumetoka Dar vizuri kabisa, tukashuka pale stesheni ya Mkonze, Dodoma, daladala hamna, bajaji ananitajia elfu ishirini mpaka Ipagala, na anaona kabisa mzee amesimama kwa shida. Nikalipa, ningefanyaje. Yaani nauli ya treni unaweza kuipanga mwezi mzima, ya bajaji unaambiwa gizani na huna pa kwenda!

Wahusika wa usafiri wa mjini waweke daladala mbili, Coaster zenye ngazi ya chini, zisubiri treni ya mwisho hata ikichelewa, zisiondoke mpaka abiria wa mwisho atoke getini. Moja ipite mjini mpaka Nanenane na Ipagala, nyingine ielekee UDOM. Nauli iandikwe mlangoni kwa rangi nyekundu, namba kubwa mtu mwenye macho mabovu aione, na siti mbili za mbele wasikae vijana. Nyie nanyi mtumeni mwandishi apande daraja la kawaida, akae na wazee, awaulize walikuwa wanasafirije zamani.

Mkazi wa Ipagala, Dodoma