“Hana Shida, Anakula Kila Kitu”: Kwa Nini Tunakuuliza Maswali Mengi Kabla ya Kumpokea Mtoto

Mzazi mmoja ameandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kwamba kituo chetu cha kulelea watoto wadogo mchana kina maswali kama ya uhamiaji, na kwamba shilingi 40,000 ya kujiunga ameitoa bure kwa sababu siku hiyo “alihojiwa tu”. Akaongeza kuwa barabara ya pili yupo mama anayepokea mtoto asubuhi ileile. Huulizwi chochote, unaacha pampasi na uji, unawahi kazini.

Lalamiko hili tunalijua. Kila Januari linarudi, pale dada wa kazi aliyeaga kwenda kusalimia nyumbani anapozima simu na mzazi anatafuta pa kumweka mtoto kabla ya Jumatatu. Tunaelewa haraka hiyo. Lakini hatutaacha kuuliza, na leo tunaeleza kwa kirefu ile 40,000 inafanya kazi gani.

Mahojiano ya kujiunga yanachukua kama saa moja. Mlezi mkuu anakaa na mzazi, na tunaomba sana aje pia yule anayeshinda na mtoto nyumbani, awe bibi, shangazi au dada. Mzazi wa Dar anatoka alfajiri kukwepa foleni na kurudi mtoto amelala. Anampenda mwanawe kuliko chochote, ila ukimuuliza mtoto analala kwa ubavu gani au anaombaje kwenda chooni, anampigia simu dada. Ndiyo maana fomu nyingi zinarudi na jibu moja: “Hana shida, anakula kila kitu.” Fomu ya namna hiyo hatuipokei. Tunaanza upya, swali kwa swali.

Mama mmoja alituandikia maneno hayohayo. Siku ya kwanza mtoto akaletwa na bibi yake mzaa baba, akawa amekaa kwenye benchi anasubiri mjukuu azoee. Uji ulipotoka jikoni akauliza, “Huu umetiwa karanga?” Umetiwa, ndiyo. Uji wetu wa lishe una mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga zilizosagwa. Bibi akainuka akakishika kikombe kabla hakijafika mdomoni. Yule mtoto akila karanga midomo inavimba na kifua kinabana. Mama yake hakuwa ameficha. Ilitokea mara moja kijijini Handeni yeye akiwa kazini, na hakuna aliyemwambia kwa uzito wake. Siku hizi tunapika sufuria mbili za uji, na ile isiyo na karanga ina upawa wake na vikombe vyake vya rangi ya bluu. Karanga nzima, bisi na zabibu ambazo hazijakatwa hazitolewi kwa mtoto yeyote hapa, hata awe na meno yote. Kinachokwama kooni hakikupi muda wa kutafuta gari.

Chakula kina mengine pia. Nyama yetu inatoka bucha inayochinja kwa taratibu za Kiislamu, na kitimoto haiingii jikoni kwetu. Watoto wa Wasabato hawali kambare wala kamba, kwa hiyo siku ya samaki tunapika changu au sato, na wote wanakula sahani moja. Hatutaki mtoto wa miaka mitatu atengwe mezani kwa sababu ya imani ya kwao. Mtoto aliyezoea kula peke yake pembeni huwa haombi kuongezewa hata akiwa na njaa, na hilo tumeliona kwa watoto waliotujia kutoka kwingine.

Tunauliza pia mtoto anaitwa nani nyumbani. Kadi ya kliniki inasema Abdulrahman, nyumbani ni Babuu tangu azaliwe. Mlezi akimwita Abdulrahman mara tano uwanjani hageuki, na siku akikimbilia geti lililo wazi unataka ageuke kwa mwito wa kwanza. Tunauliza anaombaje maji, anaombaje choo, na akiumia anasemaje. Tulimpata binti aliyelelewa na bibi yake Bariadi mpaka akakaribia miaka minne, Kiswahili chake kidogo sana. Wazazi waliona aibu kusema, wakaandika lugha ni Kiswahili. Kwenye mahojiano mlezi mkuu alimsalimia mtoto, akaona anamtazama baba kwanza kila swali. Basi tukamkalisha baba atufundishe maneno ya Kisukuma ya lazima, tukayaandika ukutani karibu na poti ili kila zamu iyaone. Wiki ya pili mtoto alimshika mlezi mkono akamwambia kwa Kisukuma sikio linauma. Lilikuwa na usaha. Kama tungemlazimisha Kiswahili tangu asubuhi ya kwanza, angekaa kimya na sikio lake.

Wapo wazazi wanaotaka tumkemee mtoto akiongea lugha ya nyumbani, wengine wanataka Kiingereza tu kuanzia getini. Kiingereza tunakifundisha kwa nyimbo na michezo, na watoto wanakipenda. Kumkemea mtoto kwa lugha ya bibi yake hatufanyi, na hata sheria iko upande wetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa misingi ya dini, lugha, mila, kabila, ulemavu na mengine mengi.

Kuna mtoto wa Kimaasai ambaye baba yake ni mlinzi hapa mtaani. Kila asubuhi alikuwa anasimama mbele ya mlezi, kimya, ameinamisha kichwa. Wenzake wakaanza kucheka. Sisi tulikuwa tumeshaambiwa na baba kwamba mtoto akimsalimia mkubwa anasubiri aguswe kichwani, kwa hiyo mlezi alinyoosha mkono, akamgusa utosini, akamwitikia. Ndani ya wiki ile ile darasa zima likawa linapanga foleni kuguswa kichwa, baada ya shikamoo. Vitu vya namna hii havipatikani dukani, na mlezi asiyeambiwa angemwona mtoto mkaidi asiyejua kusalimia.

Sasa tuje kwenye hirizi na nyuzi za shingoni, maana hapa ndipo vituo vingi vinagombana na familia. Tulimpokea mtoto aliyetolewa kituo kingine baada ya mlezi wa kule kukata uzi wa shingoni kwa mkasi na kuutupa kwenye pipa. Bibi alilia, familia ikaona imedharauliwa, mtoto akaondolewa siku hiyohiyo. Ni kweli uzi shingoni ni hatari. Mtoto akigeuka usingizini au akinasa kwenye bembea unambana koo. Lakini mkasi si njia. Sisi tunazungumza siku ya mahojiano, tunaeleza hatari yenyewe, kisha tunamwomba aliyeufunga aufungue kwa mkono wake. Wengi wanauhamishia kiunoni au wanamvua mtoto kabla ya kuja. Shanga za kiunoni, hina na wanja hatuzigusi.

Degedege nalo tunalizungumza mapema. Wapo wazee wetu wanaoamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anafariki. Tunawaheshimu wazee, ila hapa hatuna mjadala, na tunasema hivyo mbele yao kabla ya kupokea hata shilingi. Mtoto akishikwa tunamlaza ubavu, hatumtii kijiko mdomoni, tunaangalia saa, tunampeleka kituo cha afya huku tukipiga simu. Homa kali inaweza kuwa malaria, na malaria kwa mtoto haisubiri kikao. Bibi mmoja alitubishia sana siku ya mahojiano. Tulimsikiliza, tukaeleza, tukarudia. Miezi ikapita, mjukuu akashikwa, na ni yeye aliyefika wa kwanza, akapanda nasi bajaji akiwa amempakata. Fikiria mabishano yale yangefanyikia getini mtoto anatetemeka.

Kuna njia ya mkato inayotuumiza kichwa kuliko zote: kumpa mtoto dawa ya homa alfajiri ili getini aonekane mzima. Dawa hiyo hufanya kazi saa nne hadi sita. Ukimpa saa kumi na mbili asubuhi, saa tano mwili unachemka, na mlezi hajui ameshakunywa nini, kwa hiyo hawezi kumwongezea. Mzazi anaitwa kutoka Posta au Mbezi, analipa bodaboda ya haraka, siku ya kazi imepotea, na mtoto amepoteza nusu siku bila matibabu. Mama mmoja muuza nguo Kariakoo alifanya hivyo akihofia kukosa wateja wa Jumamosi. Mtoto alilazwa, duka likafungwa juma zima. Tuambie tu ukweli. Hatukufukuzi, tunakushauri umpeleke kupima kwanza.

Na geti. Hatumpi mtoto mtu ambaye picha na jina lake havimo kwenye daftari la kutoka, hata kama mtoto anamkimbilia kwa furaha. Kuna baba alitukasirikia kwa sababu tulimzuia bodaboda. Dereva alijua jina la mtoto, alijua jina la mama, ila sura ilikuwa nyingine. Mama hakupatikana kwenye simu. Tukakaa na mtoto mpaka saa moja na nusu usiku, mlezi akamlisha ndizi na kumsimulia hadithi. Baba alipofika alifoka kwamba tunamdhalilisha na kwamba tunachelewesha makusudi ili tutoze elfu mbili mbili za kila nusu saa. Tukampa simu aongee na dereva wake wa kila siku. Kumbe yule alikuwa deiwaka, pikipiki amepewa mchana uleule, na hata mwenye pikipiki hakujua anakaa wapi. Elfu mbili hatukumtoza, na jioni ile baba aliandikisha majina matatu daftarini.

Kuhusu bei tuseme wazi. Ada yetu ni 130,000 kwa mwezi na tunajua barabara ya pili ni 60,000. Yule mama hatumsemi vibaya, wengi wao wanalea kwa moyo mwema. Lakini mikono miwili ikiwa na watoto kumi na wawili na jiko la mkaa, kuna mtoto ambaye hatazamwi. Kwetu mlezi mmoja ana watoto wanne walio chini ya miaka miwili, mishahara inalipwa kwa wakati ili mlezi asiondoke kila baada ya miezi miwili na mtoto aanze kuzoea uso mpya. Tumesajiliwa, cheti kiko ukutani, na Afisa Ustawi wa Jamii anakaribishwa bila taarifa. Ile 40,000 inalipa saa ya mlezi mkuu, kitanda cha mtoto chenye jina lake, na wiki ya kwanza ambayo mzazi au bibi anakaa naye bila kulipa zaidi.

Ukihisi mtoto anatendewa vibaya, kwetu au popote, namba 116 ni bure.

Watoto wapya tunawapokea Jumatatu baada ya mahojiano ya Alhamisi au Ijumaa. Njoo na kadi ya kliniki, picha za watu watakaomchukua, dawa anazotumia zikiwa kwenye chupa zake, na yule anayeshinda naye nyumbani. Kama ni bibi na hawezi kutembea mbali, tupigie, tutamfuata sisi.